Wimbo Unabaki na Nani?

Katika vitabu vya fasihi simulizi tulivyosoma sekondari, bembelezi hupewa nafasi ndogo sana. Maana yake sentensi moja, sifa zake tatu au nne, mfano mmoja, halafu tunahamia kwenye nyimbo za jando na nyimbo za kazi. Tunaambiwa kwamba bembelezi ni wimbo wa kumtuliza mtoto ili alale. Hatuulizwi huyo mama anayeimba amelala wapi jana.

Swali hilo limenikaa kichwani tangu nilipoanza kusoma historia ya muziki katika nyumba za hifadhi, yaani zile nyumba ambazo watu hukimbilia wakiwa hawana pa kukaa, au wakiwa na mahali pasipokalika. Kwetu Tanzania tunaziita nyumba salama. Marekani kuna makazi ya muda ya familia, ambako mama na watoto hupewa chumba wakati wakisubiri nyumba. Katika baadhi ya makazi hayo huja mwalimu na gitaa lake na mfuko wa kayamba, anakaa chini na akina mama na watoto wao wadogo, na wote wanaimba. Ukiangalia harakaharaka utasema ni kuchangamsha watoto tu. Lakini kufundisha muziki ndani ya nyumba za hifadhi ni jambo lenye zaidi ya miaka mia tatu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mama hakuwemo chumbani.

Tuanzie Venice. Mwaka 1703 padri kijana wa miaka 25, Antonio Vivaldi, aliajiriwa kufundisha violini katika Ospedale della Pietà, taasisi iliyolea watoto walioachwa na wazazi wao. Wavulana walifundishwa ufundi, wakikua wanakwenda zao. Wasichana wenye kipaji walibaki, wakafundishwa kuimba na kupiga ala mpaka sifa zao zikaenea Ulaya nzima. Wasafiri walipanga safari ili wawasikie. Lakini waliimba wakiwa nyuma ya wavu wa chuma, ili wasikilizaji wapate sauti bila kuona sura. Jean-Jacques Rousseau, aliyewasikia wasichana wa taasisi nyingine ya namna hiyo mjini humohumo miaka ya 1740, aliandika jinsi nyavu zile zilivyomkera. Yeye alitaka kuwaona waimbaji. Mimi nawaza kuhusu mwanamke aliyesimama chini, katikati ya wageni, bila kujua kama sauti ile ya juu ni ya binti yake.

London ilikuwa na nyumba yake. Thomas Coram, nahodha wa meli aliyestaafu, alichoshwa na kuona vichanga vimetupwa kando ya njia. Alihangaika miaka 17 kuomba sahihi za wakubwa, na mwaka 1739 mfalme akatoa hati ya kuanzisha Foundling Hospital. Watoto wa kwanza walipokelewa mwaka 1741. Mama aliyemleta mtoto aliacha alama: kipande cha kitambaa, sarafu iliyokwanguliwa maandishi, kipande cha utepe. Alama hiyo iliwekwa pamoja na karatasi za mtoto, ili siku mama akirudi aweze kutambulisha kwamba huyu ndiye wake. Mtoto alipewa jina jipya. Waliorudiwa walikuwa wachache mno.

Hapo ndipo anapoingia George Frideric Handel. Mwaka 1749 aliandaa tamasha la kuchangia nyumba ile, na mwaka uliofuata akapiga Messiah katika kanisa lake. Likawa jambo la karibu kila mwaka. Aliwapa ogani, na kwenye wosia wake akawaachia nakala ya Messiah. Siwezi kumbeza Handel. Fedha zile zililisha watoto. Baadaye watoto wenyewe wakafundishwa kuimba vizuri kiasi kwamba watu wa tabaka la juu walikuja kanisani hapo Jumapili kuwasikiliza. Charles Dickens, aliyeishi jirani, alikuwa amekodi kiti chake humo.

Sasa hebu ipange picha hiyo vizuri. Mtoto yuko juu, karibu na ogani, anaimba. Mfadhili amekaa kwenye kiti cha kulipia. Mama hayupo. Vipande vya vitambaa vile, kama elfu tano, vimetunzwa mpaka leo vikiwa vimebandikwa kwenye karatasi za mapokezi, na ukiviangalia unaona maua, vitone na mistari, vipande vilivyokatwa kwenye gauni la mama au nguo ya mtoto. Wimbo haukuwa miongoni mwa vitu vinavyobandikika. Kama mama alimwimbia mwanawe njiani kabla ya kufika getini, wimbo huo uliishia getini.

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na wengi wa waliolelewa pale mwanzoni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871, akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone. Mapadri walimkaribisha chakula, na baada ya chakula wavulana wa misheni wakampigia tarumbeta. Stanley alishangaa kusikia muziki wa Kifaransa kwenye mji ule wa pwani. Kila mmoja wa wavulana wale alikuwa na mama mahali fulani, na lugha, na pengine wimbo alioujua kabla ya kuijua tarumbeta. Biashara ya utumwa iliwakata na mama zao. Misheni iliwaokoa, ikawapa muziki mpya. Kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili na sitaki kuyachanganya. Ila mgeni alipokuja, alichosikia ni ule muziki anaoujua yeye.

Kazi ya uandishi wa habari imenikalisha mara nyingi kwenye viti vya plastiki, chini ya turubai, kwenye vituo vya kulelea watoto. Magunia ya mchele, katoni za sabuni na madumu ya mafuta yamepangwa mbele kwa ajili ya picha. Watoto wamesimama kwa mistari, wadogo mbele, wanaimba wimbo wa kukaribisha wageni. Mkubwa mmoja anatoa hotuba, wimbo wa pili unaimbwa, tunaondoka. Sisemi watoto wale hawafurahi. Wengine wanaimba kwa raha kabisa. Nasema tu kwamba mpangilio ule wa viti unafahamika: mfadhili mbele, mtoto anaimba, mama hayupo kwenye fremu. Una karne tatu.

Mpangilio ulianza kugeuka wapi? Mimi ningetaja Chicago. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba moja kuukuu mtaa wa Halsted, katikati ya wahamiaji Waitaliano, Wagiriki, Wayahudi kutoka Urusi na wengineo. Hull-House haikuwa nyumba ya hifadhi kwa maana ya leo. Ilikuwa nyumba ya ujirani, yenye chekechea, jiko, maktaba na madarasa. Mwaka 1893 ikaanzisha shule ya muziki chini ya Eleanor Smith. Benny Goodman, mtoto wa fundi cherehani maskini ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa klarineti yake, alipita katika bendi ya Hull-House.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi hakihusu muziki hata kidogo. Addams anakisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu miaka yake ishirini pale. Binti mmoja wa Kiitaliano, anayemwita Angelina, alikuwa akija Hull-House Jumamosi kwenye darasa la mapishi, saa ileile mama yake alipokuja kuonyesha namna ya kusokota nyuzi kwa mkono. Angelina aliingia kwa mlango mwingine. Alimwonea aibu mama yake, na kitambaa chake kichwani, na viatu vyake vya kijijini. Siku moja akawakuta wageni, tena wasomi, wamemzunguka mama yake wakistaajabia ufundi wake. Addams alimweleza maisha ya mama huyo kule kijijini Italia. Baada ya hapo Angelina akawa anaingia kwa mlango uleule wa mama yake.

Naona katika kisa hiki kanuni nzima ya kufundisha ndani ya nyumba za watu waliokwama. Ukimfundisha mtoto kitu kizuri huku ukimwonyesha kwamba mama yake hana kitu, umempa kimoja na kumnyang'anya kingine. Kazi iko kwenye kumfanya mtoto aingie kwa mlango wa mama.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, New York. Mji huo una jambo ambalo miji mingi haina: haki ya kupewa hifadhi. Kesi iliyofunguliwa mwaka 1979 kwa ajili ya wanaume wasio na makazi iliishia kwenye makubaliano ya mwaka 1981, na mwaka 1986 mahakama ikatambua haki ya familia zenye watoto pia. Kwa hiyo makazi ya muda yapo, na kwa miaka mingi wengi wa wanaolala humo wamekuwa familia zenye watoto. Paa lipo. Ila kuna daftari la kusaini, muda wa kurudi, sheria za wageni, na barua inayoweza kuja wakati wowote kusema kesho mnahamishwa.

Mwaka 2011 Carnegie Hall, ukumbi ambao wanamuziki wa dunia huota kuupanda, ulianza mradi wa bembelezi katika hospitali ya Jacobi, Bronx. Baadaye mradi ukaingia kwenye makazi ya wasio na nyumba, shuleni kwa wasichana waliojifungua wakiwa wanafunzi, hata gereza la Rikers. Utaratibu wake ni rahisi kuusimulia. Mwanamuziki anakaa na mama. Mama anaandika barua kwa mtoto wake, au anaisema tu kwa mdomo: jina lako nililitoa wapi, siku uliyozaliwa ilikuwaje, nakutakia nini. Maneno yanachaguliwa humo. Tuni inatafutwa pamoja. Wimbo unarekodiwa, na mama anaondoka nao.

Tazama jinsi viti vilivyogeuka. Anayeimba ni mama. Anayeimbiwa ni mtoto. Mwanamuziki, kwa elimu yake yote, ni karani.

Utafiti nao unaelekea hukohuko. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha matokeo ya watoto njiti 272 katika hospitali 11. Miongoni mwa vilivyojaribiwa ni wimbo uliochaguliwa na mzazi mwenyewe, wimbo wenye maana kwenye ukoo wake, ukapunguzwa mwendo ukawa bembelezi. Watoto walitulia, na wasiwasi wa wazazi ukapungua. Mwaka 2018, huko Uingereza, utafiti wa akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua ulionyesha kwamba wale wenye dalili za kati na kali waliohudhuria vikundi vya kuimba na vichanga wao walipata nafuu haraka kuliko waliopata huduma za kawaida tu.

Darasa lenyewe lina ugumu wake. Familia uliyoizoea Jumanne hii, Jumanne ijayo haipo, na hakuna aliyeaga. Kwa hiyo huwezi kupanga somo la kwanza mpaka la kumi. Kila somo lazima lijitosheleze, lianze na kuisha siku hiyohiyo. Wanaanza kwa wimbo wa majina, kwa sababu ndani ya nyumba ile jina lako limekuwa la kuitwa kwenye foleni, na hapa linaitwa kwa tuni. Mtoto wa miaka miwili hakai chini; anazunguka chumba na kayamba yake, anarudi kwa mama, anaondoka tena. Mwalimu mzuri anamwacha, maana ule mzunguko wa kwenda na kurudi ndio somo. Mama mwingine haimbi wiki tatu. Anamshika tu mwanawe. Hilo nalo linatosha.

Yapo ya kuhoji. Mwaka 2018 baadhi ya bembelezi zile zilitolewa kwenye albamu, zikiimbwa na wasanii wenye majina makubwa. Nilipoisikiliza, lile swali la wavu wa chuma lilirudi: sauti hii ni ya nani, na inamfikia nani? Tena wimbo haulipi kodi ya nyumba. Mradi wowote wa muziki unaosahau hilo utaishia kuwa pambo la umaskini. Lakini hata Handel hakudai kwamba Messiah ni uji. Tofauti ninayoiona ni kwamba bembelezi hizi zina mwenyewe. Albamu ikiisha, taa za ukumbi zikizimwa, kuna mtoto Bronx ambaye wimbo ule una jina lake ndani.

Nyumba zetu salama hazihitaji kusubiri Carnegie Hall. Humo kuna akina mama kutoka kila pembe, na nyimbo za Kikurya, Kisukuma, Kigogo na Kimakonde zinalala vyumba vya jirani bila kusikilizana. Kayamba tunatengeneza wenyewe, hata chupa ya maji yenye mchele kidogo ndani inatosha. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa chini na kuuliza: wewe ulibembelezwa kwa wimbo gani? Wapo watakaojibu hapohapo, na sisi wa fasihi simulizi tutaona aibu kwa ile nusu kurasa yetu. Wapo watakaosema hawakuimbiwa kitu. Hao ndio wa kukaa nao zaidi, maana wimbo wa kwanza wa ukoo wao utatungwa hapo, kwenye chumba cha kuazima, na siku wakihama hautahitaji kubebwa kwenye begi.