Tabakelo

Ugoro una chombo chake, na chombo kina jina lake: tabakelo. Neno hili limetoka kwa Wareno, waliotuletea pia maneno meza, bendera na leso. Wao husema tabaqueira. Leso tunaifunga kila siku, lakini tabakelo imebaki kamusini. Wengi husema tu kikopo cha ugoro.

Ni hasara, maana vyombo hivi ni sanaa hasa. Wazulu hukausha kibuyu kidogo kinachoenea kiganjani, wakakisukia waya wa shaba juu mpaka kikang'aa. Wamasai hutumia pembe au mwanzi, wakatia kifuniko cha ngozi na shanga.

Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huvitafuta sana. Mwenye tabakelo ya babu asiiuze kabla hajaandika ilikotoka na jina la aliyeitengeneza.