Pengo la nishati katika oksidi ya titani: mabishano ya miaka arobaini

Oksidi ya titani ni unga mweupe uliozoeleka katika rangi za kuta. Weupe huo ni dalili ya tabia yake ya ndani: mwanga uonekanao kwa jicho haumezwi nayo. Elektroni zake zimekaa katika ukanda wa chini wa nishati. Kati ya ukanda huo na ule wa juu, ambamo huweza kutembea, pana pengo la elektronivolti 3,2 hivi katika fuwele za aina ya anatase. Ni mionzi ya urujuanimno tu iwezayo kuzivusha, nayo ni asilimia 5 hivi ya nishati ya jua ifikayo ardhini.

Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza kwamba oksidi hiyo, ikiunganishwa na platini ndani ya maji na kuangaziwa, huyagawa maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipanda duniani, na jambo la maabara likawa tumaini la mataifa. Lakini sehemu kubwa ya jua ilipita bure. Je, pengo laweza kupunguzwa?

Njia ilikuwa kutia atomu ngeni ndani ya fuwele. Metali kama kromi ziliipa oksidi rangi, ila mara nyingi ziligeuka mitego: elektroni na matundu yaliyoachwa nazo vilikutana humo vikaangamizana kabla ya kufanya kazi. Mwaka 1986 Sato alionyesha kwamba unga wenye mabaki ya nitrojeni hutenda kazi katika mwanga uonekanao. Wachache walimsikiliza, historia imemtendea kwa ubahili. Sifa ilikuja mwaka 2001, Asahi na wenzake wa maabara ya Toyota walipodai kuwa nitrojeni, ikishika nafasi ya oksijeni, hupunguza pengo lenyewe. Unga ulikuwa wa manjano, ukimeza mwanga hadi karibu na nanomita 500.

Hapo mabishano yakaanza. Mwaka 2003 Irie, Watanabe na Hashimoto walipima wakaona kuwa mwanga uonekanao una ufanisi mdogo kuliko urujuanimno, jambo lisilotarajiwa kama pengo limepungua kweli. Kupunguza upana wa mto ni jambo moja. Kuweka jiwe la kukanyagia karibu na ukingo ni jingine. Elektroni huruka kutoka kwenye jiwe hilo, lakini tundu liachwalo hubaki limekwama papo hapo. Hesabu za Di Valentin, Pacchioni na wenzao kuhusu anatase zilielekea upande wa jiwe.

Mwaka 2011 Chen, Mao na wenzao, huko California, walipasha moto fuwele za nanomita chache ndani ya hidrojeni yenye kani kubwa, zikawa nyeusi. Wao walitafuta sababu katika uso wa fuwele uliovurugika, na fuwele ndogo hivyo karibu ni uso mtupu. Wengine waliitafuta katika oksijeni iliyopotea.