Ngoma Iliyomwita Mtu kwa Jina

Leo mwana aliyeko Kinshasa aweza kumsalimu mama yake mzee wa Kisangani kwa simu. Tusidhani kwamba kufikisha neno mbali ni jambo jipya. Walokele, wavuvi na wafanya biashara wa mto Kongo, walilijua tangu zamani.

Walikuwa na lokole, yaani gogo lililochongwa uwazi ndani, lenye midomo miwili: mmoja hutoa sauti ya juu, wa pili sauti ya chini. Lugha yao hupambanua maneno kwa sauti hizo, na kwa hiyo ngoma iliweza kusema. Alfajiri na jioni, hewa ikitulia, ilisikika maili kadhaa, kisha kijiji kilichosikia kilipasha kingine. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti wa Yakusu, karibu na Kisangani, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Alieleza kwamba kila mtu alikuwa na jina la ngoma: jina lake, la baba yake, na kijiji cha mama yake.

Lakini habari ya ngoma haikuwa siri. Mzee akifiwa, au mwana akiitwa arudi nyumbani, kijiji kizima kilisikia. Mwana akichelewa njiani, jirani hakuweza kusema, “Sikupata habari.”

Simu sivyo. Husema katika sikio moja. Huleta salamu, pengine na fedha, lakini haiteki maji wala haimwinui mgonjwa kitandani. Tena mama hujibu, “Sijambo,” asimtie mwanawe wasiwasi. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipokata safari za mto kati ya Kisangani na Kinshasa, mzee aliyetengwa na wanawe alimtegemea nani, kama si jirani?

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliazimu kujenga jumuiya hai za Kikristu. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Jumapili ya nne ya Julai. Siku hiyo ni njema, lakini mzee huona njaa na upweke kila siku.

Basi ninyi mlio mbali, mkiisha kusema na mama, mpigieni na jirani wa jumuiya yake. Nasi tulio karibu, tukiitwa, tuondoke mara moja. Amri ya nne haitimizwi kwa salamu peke yake.