Tundu la shoka

Nimekuwa kimya kidogo, na safari hii si mitihani. Kuna swali lilinikaba tangu nitoke mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa kidato cha kwanza, mada ugunduzi wa chuma, nimeshusha faida zake ubaoni kama zilivyo kwenye desa: zana bora, chakula kingi, biashara, vita. Dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, lile tundu la mpini kwenye shoka wanalitoboaje?" Nikamjibu tutaliona kipindi kijacho. Kipindi kijacho sikuligusa. Walimu wenzangu mnaijua hiyo janja.

Mashoka mengi ya kienyeji huku kwetu hayana tundu kwenye chuma. Chuma kina mkia, mkia unapenya kwenye mpini, basi tundu liko kwenye mti. Shoka la tundu ni habari nyingine, na nilipolifuatilia maktaba nikaishia Marekani, kwenye tomahoki.

Sinema zimetuzoesha kwamba tomahoki ni silaha ya porini tangu enzi za mababu. Jina kweli ni la wenyeji, limetoka kwa Wapowhatan wa Virginia, na mwanzoni lilikuwa la mti na jiwe. Lakini lile la chuma lilikuja na wafanyabiashara wa Ulaya kuanzia karne ya 17. Wahunzi wao walichukua kipande bapa cha chuma laini, wakakikunja katikati kuzunguka nondo, ncha mbili zikakutana, katikati yake wakapachika ulimi wa chuma cha pua ili ukali ukae, kisha wakaunganisha kwa moto na nyundo. Kwa hiyo dogo, jibu ni kwamba hawatoboi. Wanakunja.

Kisa kilichonishika zaidi ni cha majira ya baridi ya 1804 kuingia 1805. Msafara wa Lewis na Clark, uliotumwa na Rais Thomas Jefferson, ulipiga kambi Fort Mandan kando ya mto Missouri, leo jimbo la North Dakota. Chakula kilikuwa tatizo. Majirani zao Wamandan na Wahidatsa walikuwa na mahindi, yaliyolimwa na akina mama, na hawakuyatoa bure. Kilichookoa jahazi ni karakana ya uhunzi. Kwanza watu walileta majembe na bunduki kutengenezwa, kazi hiyo ilipopungua wakataka mashoka ya vita. Lewis aliandika Februari 1805 kwamba umbo lenyewe halimpendezi: bamba jembamba mno la inchi 7 hadi 9, mpini mfupi wa inchi 14 hivi. Lakini mteja ndiye mwenye mahindi, likafuliwa alivyotaka mteja. Hata jiko la chuma lililoungua walilikata vipande vya inchi 4 kwa 4, kila kimoja kikaleta galoni 7 hadi 8 za mahindi. Hiyo ni zaidi ya ndoo yetu ya lita 20! Kufika Machi wahunzi hawakuwa na saa ya kupumzika. Na hapa nicheke kidogo: mabosi haohao mchana walikuwa wakihubiri amani kati ya makabila. Mwaka 1806, wakirudi, baadhi ya mashoka yale waliyakuta yameshatangulia ng'ambo ya Milima ya Rocky.

Mmoja wa wahunzi wale aliitwa John Shields. Juni 1805 Lewis aliandika kwamba jamaa huyu hakuwahi kukaa chini ya fundi yeyote kwa utaratibu rasmi, lakini zana zake nyingi alijitengenezea mwenyewe, na mti na chuma vyote alivimudu. Mshahara wake ulikuwa wa askari wa kawaida. Mimi niko mwaka wa tatu nasomea jinsi watu wanavyojifunza, na sijui kukunja bati.

Ndiyo maana Jumamosi mbili zilizopita nimeshinda kwa fundi mmoja anayefua mapanga kwa springi za gari, jirani na stendi. Fuawe lake ni kipande cha reli, moto unapulizwa na feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli. Alinipa chuma chakavu, akaendelea na kazi zake. Jaribio la kwanza nilipiga chuma kimeshapoa, kikapasuka kwenye mkunjo. La pili nikakiacha motoni nikipiga soga, kikatoa cheche kama fataki. "Umekiunguza hicho," akasema bila kugeuka. La tatu akanisogelea: nyekundu ni ya kukunja, ya kuunganisha lazima ikaribie weupe, na ikifika una mapigo machache tu kabla haijapoa. Akanyunyiza mchanga mkavu, nikapiga. Upande mmoja ukashika. Mwingine ukafunguka kama mdomo wa samaki.

Kwenye notisi zangu uhunzi wote ule ni mstari mmoja, "watu walitengeneza zana".

Hicho kipande kiko hapa mezani hosteli, rumeti ameshakifanya kizuizi cha mlango. Jumamosi narudi. Kikishika pande zote mbili nitampelekea yule dogo, maana nina deni lake la kipindi kizima.