Nasaba

Mtu akiitwa wa nasaba, kwa mazoea yetu huwa anasifiwa: katoka mlango mkubwa, wazee wake wanatajika. Maana ya msingi ya neno ni ufuatano wa vizazi tu, wenye sifa na wasio nayo.

Ndiyo maana nasaba ya Yesu katika Mathayo sura ya 1 hunigusa. Imehesabiwa kwa akina baba, lakini kabla ya Mariamu wametajwa Tamari, aliyemzalia mkwewe Yuda mapacha, Rahabu, kahaba wa Yeriko, Ruthu Mmoabu, na mke wa Uria. Mtazame Rahabu: anawapandisha wapelelezi darini, anawafunika kwa mabua ya kitani, kisha anawajibu watu wa mfalme kwamba wageni wamekwisha kuondoka. Kwa Mathayo, huyo ni mama yake Boazi. Naye Boazi ndiye aliyemwoa Ruthu, mjane mgeni aliyekuwa akiokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji. Mfalme Daudi ni kitukuu chao.

Ewe uliyewahi kuambiwa huna nasaba, isome sura hiyo polepole, jina kwa jina, usiiruke.