Barua za Mapendekezo kwa Mwombaji wa Udaktari Kutoka Pemba

Barua ya mapendekezo ni ushahidi wa maandishi wa mtu aliyemfundisha au kumsimamia mwombaji, kuhusu uwezo na mwenendo wake. Kwa shahada ya kwanza ya udaktari nchini Tanzania, barua hii haiamui jambo. Kijana wa Pemba aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) huomba mtandaoni, iwe Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kule Unguja au Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam. Kinachopimwa ni matokeo yake ya Baraza la Mitihani (NECTA) kwa vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Barua iliyozoeleka kisiwani ni ya sheha, kiongozi wa shehia. Hiyo ni ya utambulisho: inathibitisha kuwa fulani ni mkaazi wa shehia fulani, basi. Haisemi kama ataweza kusoma anatomia usiku na kuingia wodini asubuhi. Mwombaji anayeipakia mahali palipotakiwa barua ya mwalimu anajinyima nafasi bure, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Mambo hubadilika mtu anapoomba nje. Uingereza, maombi ya udaktari hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo; mwisho wake huwa katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo, na maelezo ya mdhamini wa kitaaluma ni sehemu ya maombi. Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, waandishi hutuma barua wenyewe kwa AMCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya udaktari, na kwa kawaida mwombaji hukubali kutozisoma. Ufadhili wa serikali ya China kwa uzamili hudai barua mbili za maprofesa au maprofesa washiriki. Sharti hili linamgusa hasa daktari wa Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ambako madaktari kutoka Jiangsu, China, hufanya kazi. Daktari bingwa wa Kichina anayemwona kila siku anaweza kumjua kuliko yeyote, lakini kama hana cheo hicho, barua yake haitimizi sharti. Itabidi mwombaji arudi kwa walimu wake wa chuo.

Uzito wa barua uko katika kilichoshuhudiwa. “Ni kijana mtiifu, mwenye tabia njema” ni maneno yanayomfaa kila mtu, kwa hiyo hayamsaidii yeyote. Mwalimu wa kemia akiandika kwamba mwanafunzi huyu, majibu ya maabara yalipopishana, aliomba kubaki akarudia kipimo badala ya kunakili ya jirani, msomaji ameshapata kitu kuhusu uaminifu wa daktari mtarajiwa. Mwandishi aeleze pia amemjua mwombaji kwa muda gani na kwa nafasi ipi, kisha aweke cheo, saini na anwani ya barua pepe, ikiwezekana ya taasisi, maana mifumo mingi humtumia yeye kiungo moja kwa moja.

Katika kuipata barua ya namna hiyo ndipo vijana wetu wenye uwezo hukwama, na inauma. Mwalimu amehamishwa, au anaombwa barua zimebaki siku mbili, naye hajaona hata matokeo ya anayemwandikia. Wewe unayemaliza mwaka huu katika shule ya Madungu au Utaani, mwendee mwalimu wako kabla hujaondoka shule. Mpelekee nakala ya matokeo uliyonayo, jina la chuo na tarehe ya mwisho, na chukua anwani yake ya barua pepe.