Leptini Hulinda Akiba, Haizuii Mlo

Mtu mwenye uzito uliopitiliza akifika kliniki, ushauri anaopewa mara nyingi hauzidi sentensi mbili: punguza kula, fanya mazoezi. Akirudi baada ya miezi kadhaa na uzito ukiwa palepale, huhesabiwa kuwa hakutia nia. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo kwa misingi ya fiziolojia. Hoja yangu ni kwamba mfumo wa ubongo unaoratibu hamu ya kula kazi yake kuu ni kulinda akiba ya mafuta isipungue. Uwezo wake wa kuizuia akiba hiyo isizidi ni hafifu, na hapo ndipo ushauri wetu unapokwama.

Ushahidi wa kwanza ulitoka Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani. Mwaka 1949 watafiti wa Jackson Laboratory waligundua ukoo wa panya walionenepa kupita kiasi kwa kasoro ya jeni moja, wakaipa alama ya ob. Katika miaka ya 1960 ikaonekana kasoro ya pili, db, iliyoleta unene huohuo pamoja na kisukari. Douglas Coleman akawaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji, ubavu kwa ubavu, damu ya mmoja ikawa inaingia kwa mwenzake. Panya wa kawaida aliyeunganishwa na wa db aliacha kula, akafa kwa njaa. Panya wa ob aliyeunganishwa na wa db naye akafa vivyo hivyo. Lakini wa ob alipounganishwa na panya wa kawaida alipunguza tu kula, na wote wawili wakaishi. Kutokana na matokeo hayo Coleman alihitimisha kwamba damu ya panya wa db imejaa kitu kinachokata hamu ya kula, ila ubongo wake haukitambui. Panya wa ob hakitengenezi kitu hicho, ila ubongo wake hukiitikia kikiletwa na damu ya mwingine. Naihesabu hii kuwa miongoni mwa hoja safi kabisa katika biolojia ya karne iliyopita, maana ilijengwa bila mtu yeyote kukijua kitu chenyewe.

Jeffrey Friedman na wenzake wa Rockefeller University, New York, waliipata jeni ya ob mwaka 1994. Homoni inayotokana nayo iliitwa leptini. Huzalishwa na seli za mafuta kwa kadiri ya wingi wa mafuta, ikasafiri katika damu hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Humo yamo makundi mawili ya seli za neva zinazopingana: moja huchochea kula, jingine hukata hamu. Leptini hulituliza la kwanza na kuliamsha la pili.

Matumaini yakapanda ghafla, na kwa wachache yalitimia. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, akiwamo Stephen O'Rahilly, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuwa na leptini inayofanya kazi. Mmoja, msichana wa miaka 8, alikuwa na kilo 86. Mwingine, mvulana wa miaka 2, alikuwa na kilo 29. Msichana huyo alipoanza kudungwa leptini, njaa yake isiyokoma ilitulia na uzito ukashuka. Lakini watoto wa namna hiyo ni wachache mno duniani. Watu wengine wanene walipojaribiwa kwa dawa hiyohiyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba wengi walipungua kidogo sana. Walikuwa tayari na leptini nyingi katika damu, na nyongeza haikuuambia ubongo jambo jipya.

Wengi waliyaona matokeo hayo kuwa kushindwa kwa leptini. Mimi nayaona kuwa kushindwa kwa tafsiri tuliyoipa. Rexford Ahima, Jeffrey Flier na wenzao walionyesha mwaka 1996 kwamba panya wakinyimwa chakula leptini huporomoka, na pamoja nayo homoni za thairodi na za uzazi. Wakidungwa leptini katika kipindi hicho, sehemu kubwa ya mporomoko huo huzuilika. Kwa binadamu, kikundi cha Michael Rosenbaum na Rudolph Leibel kiliwapa leptini kidogo watu waliokwisha kupunguza asilimia 10 ya uzito wao, na matumizi ya nishati yaliyokuwa yameshuka yakapanda tena. Homoni isiyofua dafu mbele ya akiba iliyojaa inafanya kazi barabara akiba inapopungua. Basi kinachosikika kwa nguvu ubongoni ni upungufu wa leptini.

Hali hiyo haiishi haraka. Watafiti wa Melbourne waliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa mlo mdogo sana wa wiki 10. Mwaka mzima baadaye homoni za njaa na za shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa, na washiriki walisema wana njaa kuliko kabla ya kuanza. Hata dawa mpya kama semaglutidi, zinazofanya kazi kwa sehemu kubwa kupitia ubongo, zikikomeshwa uzito mwingi hurudi.

Upande wa mazoezi, ushahidi muhimu umetoka kwetu. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Waliwapa maji yenye atomi za haidrojeni na oksijeni zilizo nzito kuliko za kawaida, kisha wakapima mkojo siku zilizofuata ili kukadiria nishati yote iliyotumika. Matokeo ya mwaka 2012 yaliwashangaza hata wao: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe, pamoja na kutembea kwao kutwa, hawatumii nishati nyingi kuliko Wamarekani wa mijini. Inaelekea mwili hubana matumizi kwingine ili kufidia. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo na kwa sukari ya damu. Kuyauza kama njia kuu ya kupunguza kilo ni kuwaahidi watu kisichopatikana.

Kuna pingamizi la haki: kama ubongo una nguvu hivyo, mbona unene umeenea ndani ya vizazi viwili hivi, wakati jeni hazijabadilika? Jibu ni kwamba ulinzi wa upande wa juu ni dhaifu, na chakula kimebadilika. Mwaka 2019 Kevin Hall aliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti, wiki mbili wakila vyakula vya viwandani vilivyosindikwa mno, wiki mbili visivyosindikwa hivyo, kila mmoja akila atakavyo. Katika mlo wa kwanza walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, ingawa milo yote miwili iliandaliwa ikiwa na sukari, mafuta na nyuzinyuzi kwa viwango vinavyolingana.

Kwa hiyo vyuo vyetu vya tiba vifundishe somo hili kama sehemu ya tiba ya kisukari na shinikizo la damu. Kliniki zimfuate mgonjwa aliyepungua kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa sababu huo ndio wakati ubongo wake unamdai chakula zaidi. Na serikali ziangalie bei, matangazo na vyakula vinavyouzwa kwenye malango ya shule, kwa kuwa kumzuia mtoto asinenepe ni rahisi kuliko kumpunguza mtu mzima aliyekwisha kunenepa.